Kibali cha Maji Kijijini: Aandikishwe Mtu au Mfereji?

Wengi wetu tuliokulia Uingereza tunajua maji kama bomba na bili, basi. Kwa hiyo nianze na hili. Hapa England, mkulima anayevuta maji mtoni au kisimani kwa kawaida hahitaji leseni mradi asizidishe mita za ujazo 20 kwa siku, yaani lita 20,000. Hakuna fomu, hakuna ada. Kiwango hicho kilitokana na sheria ya maji ya mwaka 2003, na nia yake ilikuwa kuwaondolea watumiaji wadogo usumbufu wa makaratasi.

Sasa njoo Tanzania, kwa wazee wetu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji ni mali ya umma, na anayetaka kuyachepusha mtoni kwa ajili ya shamba aombe kibali cha kutumia maji kwenye bodi ya bonde lake. Kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani ni ruksa, kukinga mvua kwa matumizi hayo pia ni ruksa. Lakini ukishachepusha mto kwenda shambani, uwe na ekari 500 au nusu ekari, umeingia kwenye habari ya vibali. Unalipa ada ya maombi, halafu ada ya kila mwaka.

Tuliligusa hili juu juu kwenye kipindi, tukaliacha, kisha meseji zikamiminika. Kumbe siyo familia yangu peke yake iliyotumiwa picha ya fomu kwenye kundi la WhatsApp na maneno "tunaomba mchango wa kibali cha mfereji." Kwetu ni mlimani, Moshi Vijijini. Baba mdogo ndiye aliyetuma. Na mimi kazi yangu ya kila siku ni kuandaa fomu za halmashauri moja huku kaskazini mwa England (ndiyo, kuna watu wanalipwa kwa hilo), kwa hiyo niliisoma ile picha kwa jicho la kazini. Nikakwama kwenye mistari miwili tu: jina la mwombaji, na kiasi cha maji anachoomba.

Kwa asiyekulia huko, mfereji wa Kilimanjaro, mfongo kwa Kichaga, ni mtaro uliochimbwa na watu wa kale kuleta maji ya mto hadi kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Wazungu wa kwanza kufika mlimani karne ya 19 waliikuta tayari inafanya kazi. Mfongo una ukoo uliouanzisha, una mzee au kamati inayopanga zamu, na una siku za kuzibua. Usipokuja kuzibua unatozwa faini. Bibi anasema zamani ilikuwa mbege. Wapare nao wana ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili mchana yafunguliwe kwa zamu. Hakuna mtu mmoja anayeweza kusimama akasema "maji haya ni yangu." Kuna zamu yangu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kwa makadirio ya kawaida ya watu wa umwagiliaji, hekta moja wakati wa jua kali inataka kama lita moja kwa sekunde. Lita moja kwa sekunde, usiku na mchana, ni lita 86,400 kwa siku. Kwa hiyo ile ruhusa ya England ya lita 20,000 ingetosha nusu ekari na kidogo, ambayo ni kihamba cha watu wengi tu. Mkulima mmoja wa mlimani, akihesabiwa peke yake kwa kipimo cha England, asingehitaji karatasi yoyote. Lakini yeye hana bomba lake peke yake kutoka mtoni. Ana banio moja na majirani 60 au 100. Mbele ya fomu, watu hao wote wanakuwa mwombaji mmoja mkubwa anayetaka maji mengi! Ule ushirikiano wenyewe ndio unaowafanya waonekane wakubwa.

Ndiyo maana siungi mkono moja kwa moja wanaosema dawa ni kuiga kiwango cha chini cha nchi nyingine, au kuhamishia fomu mtandaoni na kupunguza kurasa. Fomu ya ukurasa mmoja yenye swali lisilofaa itajazwa haraka, na majibu yatakuwa yale yale yasiyofaa.

Kwa nini basi serikali ilitaka kila tone liandikwe? Tusifanye kama hakukuwa na sababu. Sheria ya 1974 ilibadilishwa mwaka 1981, mfumo wa mabonde ukaingia, na leo yako tisa. Bodi ya Pangani ilianza 1991, ya Rufiji 1993. Angalia chini ya mito hiyo kuna nini. Pangani ina Nyumba ya Mungu, ina Hale, na mwaka 1995 kikaongezeka kituo kipya cha Pangani Falls cha megawati 68. Rufiji ina Mtera na Kidatu juu ya Ruaha Mkuu. Umeme wa mijini ulitegemea maji yanayopita kwanza kwa wakulima. Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi, kuanzia 1993, lawama ziliwaangukia wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu. Kusajili kukawa njia ya kudhibiti na ya kukusanya fedha, kwa mpigo.

Hayo mawili hayakwenda vizuri pamoja. Mwaka 2004 Barbara van Koppen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu bonde la juu la Ruaha, na walichokiona ni kwamba mfumo wa kuwasajili na kuwatoza wakulima wadogo ulikuwa mzigo kwa hazina badala ya kuijaza. Inaeleweka. Kumfuata mtu mwenye majaruba mawili, kilomita kadhaa kutoka barabarani, kwa ajili ya ada ndogo, kunakula mafuta ya gari kuliko ada yenyewe. Halafu kuna lingine ambalo baba mdogo alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa: mtu akishalipia maji, anasema nimelipa, siachi hata tone lipite.

Kwa hiyo tuache usajili kabisa? Hapana, na hapa ndipo nisipokubaliana na binamu zangu. Sheria hiyo ya 2009 inatambua haki za kimila za maji na kuzipa hadhi sawa na haki zilizotolewa rasmi. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana. Lakini afisa anapokaa kupiga hesabu ya maji yaliyobaki mtoni ili ampe mwombaji mpya, mwenye shamba kubwa la tambarare na mwanasheria wake, anahesabu kilichoandikwa. Mfongo ambao haumo kwenye daftari ni rahisi kuhesabiwa kama sifuri. Unaweza ukawa umetiririka miaka 150 na bado ukawa sifuri. Hiyo ndiyo hatari, na ndiyo maana mchango ule nilitoa.

Ninachotaka ni kuandikishwa kuwe tofauti na kuomba. Mfongo uliopo, wenye kamati na zamu zake, uandikwe kama ulivyo: banio liko wapi, unamwagilia vijiji gani, zamu zinakwendaje. Leo sheria inaruhusu jumuiya ya watumia maji kushika kibali, sawa, lakini ili uwe jumuiya unatakiwa kwanza katiba, viongozi, usajili wa jumuiya yenyewe. Yaani unasajiliwa ili uweze kusajiliwa. Daftari la zamu la mzee wa mfongo ni katiba tosha, lipokelewe. Kuandikisha kwa mara ya kwanza kuwe bure, na karatasi iwafuate watu kwenye mkutano wa kijiji.

Kenya wamegusa upande mmoja wa hili. Kanuni zao za mwaka 2007 ziliyagawa matumizi ya maji katika madaraja manne, A hadi D, kwa kuangalia athari yake kwa mto, na la chini linashughulikiwa kwa wepesi zaidi. Wazo ni zuri, ila linapima ukubwa tu. Halijibu swali la kiangazi.

Na kiangazi ndicho kinachoumiza. Kibali kinachosema "lita kadhaa kwa sekunde" kinachukulia kwamba mto wa Aprili ndio mto wa Septemba. Masika kila mtu anapata zake na zinabaki. Septemba wa juu akichukua lita zake zote zilizoandikwa, wa chini anabaki na mawe, na wa juu hajavunja sheria. Bruce Lankford wa chuo kikuu cha East Anglia, hapa Norwich, na Willie Mwaruvanda aliyefanya kazi bonde la Rufiji, walipendekeza njia ya busara: masika kuwe na kikomo cha lita, kiangazi watu wagawane kwa mafungu ya kilichopo, na banio lijengwe liweze kugawa hivyo.

Mnaotusoma kutoka Oman mtasema hilo mbona mnalijua. Kweli. Falaj hugawa maji kwa muda: fulani ana nusu saa, fulani ana robo ya siku, na maji yakipungua kila nusu saa inapungua kwa wote. Falaj Daris ya Nizwa ni mojawapo ya aflaji tano zilizoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006, na nyingine kama 3,000 bado zinatumika nchini humo. Mfongo nao una mantiki hiyohiyo. Fomu ndiyo haina nafasi ya kuandika "nusu siku kila Jumanne."

Pingamizi kubwa ninaloliona ni hili: ukirahisisha, hata tajiri atachimba mtaro mwaka huu na kuuita wa babu. Ni kweli atajaribu. Ndiyo maana orodha isomwe hadharani, na wa vijiji vya chini waitwe wasikilize, maana wao ndio wanaojua ni mtaro gani ulikuwepo na upi umeota juzi.

Bado kuna suala la majina. Kwa desturi ya mlimani, mikutano ya mfongo ilikuwa ya wanaume, na wanawake hawakuwa na sauti humo. Leo nenda uone anayeshika jembe akigeuza maji alfajiri: mara nyingi ni mama, tena wengine wajane, au waume zao wako Dar, au Leeds. Tukiandikisha mfongo kama ulivyo, kwa haraka na bila kuuliza, tutaandikisha na ile desturi, na safari hii itakuwa na muhuri. Mimi nilimuuliza baba mdogo jina la shangazi liko mstari wa ngapi. Akasema zamu yake iko chini ya jina la marehemu mume wake. Mume alifariki 2009.

Kwa hiyo ukiombwa mchango wa kibali, na naamini utaombwa, toa ukiweza. Ila kabla ya kutuma hela omba picha mbili, siyo moja: ya fomu, na ya daftari la zamu. Ziweke pembeni pembeni kwenye simu, uulize majina yaliyomo kwenye ya pili yanaonekana wapi kwenye ya kwanza. Shangazi sasa ana mstari wake. Imechukua simu nne na ugomvi mmoja mdogo.