Kiluma, Shubiri na Alovera: Jina na Dawa katika Nchi ya Mutomo

Makala haya yanakusudia kueleza matumizi ya mmea uitwao kiluma kwa Kikamba, uotao katika nchi kavu ya Mutomo, kusini mwa Kitui, na kuonyesha taabu inayozuka pindi jina hilo linapofasiriwa kwa Kiswahili. Wafasiri wengine huandika "shubiri". Matangazo ya biashara hupendelea "alovera". Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba maneno hayo matatu hayataji kitu kimoja, na kwamba kuyachanganya kwaweza kumdhuru mgonjwa na hata kumtia mkulima hatiani.

Wataalamu wa mimea huuita mmea huu Aloe secundiflora, jina lililotolewa na Engler mwaka 1895. Hauna shina la kuonekana; majani yake ni manene, na kingo zake zina meno makali ya rangi ya kahawia. Maua yake mekundu hujipanga upande mmoja wa kitawi, na hiyo ndiyo maana ya jina lake la Kilatini. Kwa kuwa huweka akiba ya maji katika majani, kiluma hustahimili ukame wa Mutomo, na hupatikana hata wakati mimea mingine imekwisha kunyauka.

Matumizi yake ni mengi. Kwanza, maji ya jani hupakwa juu ya jeraha na mahali palipoungua. Pili, jani huchemshwa, na maji yake machungu hunywewa kidogo kidogo kwa ajili ya homa au tumbo lililofunga choo. Tatu, majani hupondwa yakatiwa katika maji ya kuku wakati wa kideri. Matumizi haya ya tatu yamekwisha kuchunguzwa: mwaka 2002 Waihenya, Mtambo na Nkwengulila walieleza kwamba kuku waliopewa dawa ya mmea huu kabla ya kuambukizwa kideri walikufa wachache kuliko wale wasiopewa. Haiwezi kushika nafasi ya chanjo. Lakini yaonyesha kwamba wazee hawakuwa wakibahatisha.

Hapa ndipo swali la lugha linapoingia. Jani la kiluma likikatwa hutiririka utomvu wa manjano, mchungu mno, utokao karibu na ganda. Likimenywa hadi ndani hukutwa ute mwororo usio na rangi. Vitu hivi viwili vina kazi mbalimbali. Ute hutuliza ngozi. Utomvu una aloini, ambayo huendesha tumbo kwa nguvu, na wajawazito huonywa wasiunywe. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilikataza dawa za choo zenye utomvu wa namna hiyo kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa haukutolewa ushahidi wa kutosha kuhusu usalama wake. Basi mwandishi akisema tu "kunywa maji ya shubiri", mama mjamzito atajuaje ni maji yapi?

Neno shubiri, ambalo wengine hulitamka subili, limetoka katika Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa neno subira. (Shubiri ya kupimia, yaani urefu wa vidole vilivyotandazwa, ina asili nyingine.) Yaelekea neno hili lilifika Pwani pamoja na bidhaa yenyewe, yaani utomvu uliokaushwa ukawa donge jeusi, kama ule uliopata sifa katika kisiwa cha Sokotra. Ndiyo maana twasema "chungu kama shubiri", na mama aliyetaka kumwachisha mtoto ziwa alijipaka shubiri chuchuni. Mmea ni mshubiri. Shubiri ni utomvu wake. Kuliita shubiri jani zima, pamoja na ute usio na uchungu ule, ni kumpoteza msomaji.

Alovera nayo ni mmea mwingine, wenye asili ya Bara Arabu. Tofauti hii si ya wanabotania peke yao. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini hudhibiti biashara ya jamii nzima ya mishubiri, isipokuwa alovera. Nchini Kenya, agizo la Rais la mwaka 1986 lilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, na mwaka 2007 zikatungwa kanuni maalumu za kuisimamia. Kwa hiyo mkulima wa Mutomo anayeambiwa kwamba kiluma chake "ni alovera" aweza kudhani kwamba yuko huru kukivuna na kukiuza nje, kumbe sivyo.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, neno kiluma likubaliwe katika Kiswahili kwa mmea huu, kama lugha yetu ilivyopokea majina mengine kutoka lugha za jirani. Pili, kila kidahizo cha mmea wa dawa kitaje sehemu inayotumiwa, kikitenga utomvu na ute, na kunywa na kupaka. Mundu mue, yaani mganga wa Kikamba, anapomtibu mgonjwa humwonyesha jani kwa mkono. Kamusi haina mkono wa kuonyeshea. Haina budi kutegemea usahihi wa maneno yake.