Mjue mwenye ng'ombe kwanza

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka maziwa mabichi hana haja ya kwenda mbali. Pembezoni mwa jiji, kuanzia Bunju na Goba hadi Pugu na Kigamboni, zipo kaya zinazofuga ng'ombe wawili watatu uani, wengi wao chotara wa Friesian, wanaokatiwa majani na kuongezewa pumba na mashudu. Kuwapata wafugaji hao, muulize afisa mifugo wa kata au muuza vyakula vya mifugo. Wauza pumba wanamjua kila mwenye ng'ombe.

Ukishaelekezwa, nenda zizini wakati wa kukamua. Tazama kama kiwele kinaoshwa na kukaushwa, na kama michirizi ya kwanza inakamuliwa pembeni ili kuangalia mabonge, ambayo ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Tazama na chombo. Dumu la plastiki lenye shingo nyembamba halifikiki kwa mkono, basi uchafu hubaki ndani. Ndoo ya alumini yenye mdomo mpana ni bora zaidi. Kisha uliza ng'ombe alichomwa dawa lini. Dawa za kuua bakteria zina siku za kusubiri kabla maziwa hayajanyweka, na mfugaji mwaminifu atakutajia bila kusita. Akikasirikia swali hilo, tafuta mwingine.

Maji yaliyoongezwa hugunduliwa kwa laktomita: kwa kawaida uzito wa maziwa halisi ya ng'ombe ukilinganishwa na maji ni kati ya 1.028 na 1.032. Lakini wapo wanaotia maji kisha wakaongeza unga ili kipimo kisishuke. Kwa hiyo mimi naweka imani zaidi kwa mfugaji ninayemfahamu kuliko kwa kipimo.

Hata hivyo, usafi wa zizi hauondoi brusela wala kifua kikuu cha ng'ombe. Ng'ombe anayeonekana mzima anaweza kuwa navyo, na homa ya brusela hufanana sana na malaria hata mgonjwa akatibiwa ugonjwa usio wake. Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa nao si salama. Wanaodai kuwa moto unaharibu maziwa wajue kuwa protini na kalisi hubaki. Chemsha mpaka yatokote, hasa kama nyumbani kuna mtoto au mjamzito.