Mwanga hafifu, nyuzi nyingi: jinsi mikongo ya baharini inavyopunguza gharama na umeme

Sehemu kubwa ya data za intaneti zinazotumika Afrika Mashariki hupita chini ya Bahari ya Hindi kabla ya kupandishwa nchi kavu, hasa Mombasa na Dar es Salaam. Kwa nchi zisizo na pwani, zikiwemo Uganda, Rwanda na Burundi, bei na uhakika wa huduma hiyo huanzia kwa majirani.

Jambo hilo lilidhihirika tarehe 12 Mei 2024, pale mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilipokatika karibu na Afrika Kusini. Huduma za intaneti zilizorota kutoka Tanzania na Kenya hadi nchi za bara. Kinga ya tatizo la namna hiyo ni kuwa na njia nyingi na pana zaidi, lakini mkongo mmoja mrefu hugharimu mamia ya mamilioni ya dola. Ndiyo maana wahandisi wamekuwa wakitafuta namna ya kupitisha data nyingi zaidi bila kuongeza umeme na fedha kwa kiwango kile kile.

Umeme chini ya bahari

Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo zenye wembamba unaokaribia ule wa unywele. Data husafiri humo kama mipigo ya mwanga wa leza. Mwanga huo hufifia kadiri unavyosafiri: hata katika kioo bora, nusu yake hupotea kila baada ya kilomita 20 hivi. Kwa sababu hiyo, kila baada ya kilomita 60 hadi 100 huwekwa kifaa cha kuuongezea mwanga nguvu.

Vifaa hivyo huhitaji umeme, na vilindini hakuna nguzo wala jenereta. Umeme hutumwa kutoka pwani kupitia waya wa metali uliomo ndani ya mkongo huo huo, kwa mkondo wa takriban ampea 1. Vifaa vyote hufungwa katika mstari mmoja, mfano wa taa za mapambo ya harusi: kila kimoja huchukua volti chache na kuziachia zilizosalia ziendelee mbele. Mkongo wa maelfu ya kilomita huweza kuhitaji volti zaidi ya 10,000. Zikizidi mno, plastiki inayoukinga waya haiwezi kustahimili. Basi umeme unaoweza kufika kilindini una kikomo, na kila wati hugawanywa kwa uangalifu.

Hesabu iliyobadili ujenzi

Kwa miaka mingi, desturi ilikuwa kutumia nyuzi chache na kuutia mwanga wenye nguvu nyingi katika kila uzi. EASSy, ulioanza kazi mwaka 2010 ukiwa na urefu wa kilomita 10,000 hivi, una jozi 2 tu za nyuzi.

Udhaifu wa desturi hiyo unaelezwa na hesabu ya Mmarekani Claude Shannon, iliyochapishwa mwaka 1948. Tuseme mwanga unaobeba ujumbe una nguvu mara 15 ya kelele, yaani mwanga wa vurugu usiobeba ujumbe wowote. Hapo kila mpigo unaweza kubeba biti 4, si zaidi. Mwanga ule ule ukigawanywa katika nyuzi mbili, kila uzi hubaki na nguvu mara 7.5 ya kelele, na uwezo wake hushuka hadi biti 3 na kidogo. Lakini nyuzi ni mbili, hivyo jumla hupita biti 6. Nguvu ya mwanga haikuongezeka, ila mzigo uliobebwa umeongezeka kwa nusu na zaidi.

Kwa maneno mengine, kuongeza nguvu katika uzi mmoja huleta faida inayozidi kupungua, ilhali kuongeza nyuzi huongeza njia. Gharama ya uzi wa kioo ni ndogo ikilinganishwa na ile ya meli, waya na vifaa vya kilindini.

Mkongo wa Dunant, unaounganisha Marekani na Ufaransa, ulianza kazi mwaka 2021 kwa mtindo huo, ukiwa na jozi 12. Mkongo wa 2Africa, unaolizunguka bara la Afrika na ambao umefikishwa Mombasa na Dar es Salaam, ulibuniwa kuwa na hadi jozi 16, wakati teknolojia iliyoutangulia iliruhusu 8.

Katika mtindo huu, leza za kuongeza nguvu hazifungwi tena kwa jozi moja pekee. Kundi la leza huhudumia jozi kadhaa kwa pamoja, hivyo vifaa hupungua, na leza moja ikiharibika jozi husika haizimiki. Hilo ni muhimu kwa mtambo unaotarajiwa kukaa kilindini miaka 25. Aidha, baadhi ya mikongo mipya hutumia waya wa aluminiamu badala ya shaba. Aluminiamu haipitishi umeme vizuri kama shaba, hivyo waya wake huwa mnene zaidi, lakini ni nyepesi na bei yake ni nafuu.

Kutoka pwani hadi bara

Nafuu ya baharini haifiki kwa mtumiaji wa bara moja kwa moja. Kutoka Mombasa hadi Kampala, au Dar es Salaam hadi Kigali, kuna zaidi ya kilomita 1,000 za mkongo wa nchi kavu. Njiani mna vituo vya kuongeza nguvu ya mwanga, vyenye mitambo ya kupoza na, umeme unapokatika, jenereta za dizeli.

Huko pia teknolojia imebadilika. Mwaka 2020 kilitolewa kiwango cha kimataifa kiitwacho 400ZR, kwa ajili ya vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye mitambo ya mtandao. Kimoja hupitisha gigabiti 400 kwa sekunde hadi umbali wa kilomita 120, kwa wati 15 hadi 20 hivi, kazi iliyokuwa ikihitaji mtambo wa pekee.

Kwa nchi za bara, basi, mkongo mpya unapofika pwani ya jirani huwa ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni njia za nchi kavu zinazovuka mipaka: ziwe zaidi ya moja, zitumie umeme kidogo, na wenye kuziuza wawe wengi kiasi cha kushindana kwa bei. Bila hayo, jozi 16 za nyuzi za baharini huishia katika mlango mwembamba.