Ku filme baba anachimba, mama analia: na kazi ya mama iko wapi?

Filme nyingi juu ya mine zinafanana. Mwanaume mwenye taa ku kichwa anashuka mu shimo. Tunaona mikono, jasho, mufuko wa mawe. Kisha kamera inapanda juu na kukuta mama amekaa pa mulango, anangojea. Bwana akirudi, anacheka. Shimo likianguka, analia. Mu ile filme mama hana kazi ingine.

Sisi wa Kolwezi, Likasi, Kambove na Kipushi tunajua kama sivyo. Pa maji, nani anaosha mawe, muguu ndani ya tope toka asubui? Nani anachagua mawe ya muzuri na kuyatenga na ya bure? Nani anapikia bacreuseur na kuwauzia maji? Ni bamama na babinti. Lakini saa ya kulipa ikifika, kazi yao inaitwa "kusaidia". Na mutu anayesaidia hapewi bei ya mutu anayefanya kazi. Pale njo filme inaingia mu mufuko wetu: kitu ambacho macho haikuzoea kuona kama kazi, mukono hauzoee kukilipa kama kazi.

Barabara ya bwana, nyumba ya bibi

Tuchukue filme moja ya kwetu. Mwaka 2017, Mufaransa Emmanuel Gras alitoa filme yenye jina Makala. Watu wanazungumza Kiswahili ndani, na mwaka ule ilipata zawadi kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes. Inafuata Kabwita Kasongo, kijana wa mugini kando ya Kolwezi. Anaangusha muti mukubwa, anachoma makala, anafunga mifuko ku kinga, na anaisukuma karibu kilometa 50 mpaka mu muji. Makamyo yanamupita na vumbi. Njiani wanamunyanganya sehemu ya mizigo. Mu muji wanabishana naye bei. Alikuwa anataka mabati ya nyumba. Anapouliza bei, inamushinda.

Ni filme ya heshima, na mutu wa Katanga akiitazama, moyo unamuuma. Lakini bibi yake, Lydie, tunamuona paka pa nyumba. Barabara ni ya bwana, nyumba ni ya bibi. Mutu wa mbali anaweza kufikiri kwamba kwetu makala ni kazi ya wanaume peke yao. Lakini mu masoko yetu, nani amekaa na kuuza yale makala kidogo kidogo mpaka mangaribi? Filme haikusema uongo. Ilichagua kufuata mutu mmoja. Shida inakuja wakati filme zote zinachagua mutu yule yule.

Tuone vile vile ile mizigo ingine Kabwita anasukuma: lazima aleta nyumba, kama sivyo yeye si mwanaume. Filme inamuonyesha amechoka, peke yake, usiku, kando ya barabara. Kwa bababa wanaosoma gazeti hii, ile si hadisi. Ni wangapi wanarudia mu shimo ambalo wanajua halina nguvu, juu tu wanaogopa haya ya kurudi mikono mitupu? Kumufungia mama pa nyumba na kumutupa baba mu shimo ni fikra moja yenye sura mbili.

Baba haonekani, mama anaitwa mulozi

Mutoto wa Lubumbashi, Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alileta sura ingine mu filme yake Augure, iliyopata zawadi ya Nouvelle Voix ku Cannes mwaka 2023. Koffi, ambaye Marc Zinga wa Likasi anamucheza, anarudi kutoka Belgique na muchumba wake muzungu, mwenye mimba, ili jamaa wamujue. Baba anafanya kazi ku mine na haonekani, wanamutafuta. Pua ya Koffi inatosha damu, inaanguka ku mutoto muchanga wa dada yake, na jamaa wote wanashituka: huyu ni mulozi!

Lakini si Koffi peke yake. Mama yake, Mujila, yeye vile vile wanamuita mulozi. Dada yake, Tshala, hataki kuishi namna jamaa inamuchagulia, na yeye vile vile wanamuangalia kwa jicho baya. Baloji anaonyesha kama neno "mulozi" mara mingi linaangukia mutu asiyekubali pahali alipowekwa. Mwanamuke mwenye kusema hapana ku jamaa anaweza kuitwa vile.

Na ku mine? Wote tunajua ile neno: mwanamuke akikaribia shimo, mawe yanakimbia. Mawe haina masikio wala pua. Kenye kukimbia ni bei ya kazi ya mama, anayebakia pa maji, mbali na shimo, mbali na pahali watu wanapima na kugawa franga.

Si mababu waliosema

Kuko wenye kujibu: "Njo desturi yetu. Baba anatafuta, mama analinda nyumba." Tuangalie historia muzuri. Union Minière du Haut-Katanga ilianza mwaka 1906. Mwanzoni ilitafuta wanaume wa mukataba mufupi, bila bibi. Mwisho wa miaka ya 1920 njo ilianza kutaka mufanyakazi akae mu kambi pamoja na bibi na batoto, ili asikimbie. Posho ilipimwa kufuatana na jamaa. Bamama walipelekwa ku foyer social kujifunza kushona, kupika, kusafisha nyumba. Mugini, yule mama alikuwa analima shamba lake. Mu kambi akageuka "bibi ya mufanyakazi". Ile picha ya baba mwenye mushahara na mama mwenye kungoja ilijengwa na kampuni.

Na ilivunjika vile vile. Mu mwezi wa tisa 1990 mine ya Kamoto ilianguka. Gécamines ikakosa nguvu, mishahara ikakawia, ikakosekana. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakaondoka mu ile mupango iliyoitwa "départs volontaires". Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa Université ya Lubumbashi aliandika kitabu juu ya Bana Shaba ambao baba yao aliwaacha. Mu ile miaka, nani alilisha nyumba? Mama aliye­uza unga, makala, mikate, aliyelima shamba nje ya muji. Kila jamaa ya hapa inajua ile historia. Lakini ku filme inaonekana mara moja moja tu.

Filme zenye kuonyesha ingine

Ziko. Mu Félicité ya Alain Gomis, ya mwaka 2017, mama mwimbaji wa bar ya Kinshasa anazunguka muji muzima kutafuta franga za kupasulisha mutoto wake aliyepata aksida ya moto. Anaomba, anagombana, wanamufukuza, anarudia. Hakuna mwanaume anayekuja kumuokoa. Tabu, anayetengeneza frigo yake, anapenda pombe, lakini anakaa kando yake na kusaidia. Pale, mwanaume njo anasaidia, na heshima yake haipotee.

Mwaka ule ule, Dieudo Hamadi wa Kisangani alitoa Maman Colonelle. Ni filme ya kweli juu ya Colonel Honorine Munyole wa polisi, aliyetolewa Bukavu na kutumwa Kisangani kulinda bamama na batoto. Anatoa amri, na wanaume wanasimama. Jina "Maman" halimupunguzie cheo. Kwetu mama ni neno la mamlaka, na Hamadi aliiacha vile.

Maswali ya kuuliza pa nyumba

Mwaka 1985, Alison Bechdel, mwanamuke wa Marekani anayechora, aliandika mu muchoro wake kipimo cha filme ambacho kingali kinatumiwa mpaka leo. Mu filme kuko wanamuke wawili? Wanazungumza wao kwa wao? Wanazungumza juu ya kitu kingine kuliko mwanaume? Mujaribu ku filme ya leo mangaribi, mutaona ni ngapi zinaanguka.

Sisi tuongeze ingine mbili za kwetu. Nani anaonekana akifanya kazi? Nani anaonekana akilipwa? Muulize batoto wenu, binti na kijana pamoja, na muwaache wajibu. Binti akisema "ku mine kuko paka bababa", mumupeleke aone bamama wa pa maji, na mumuambie kama ile mawe haiwezi kupanda ku kamyo bila mikono yao. Na siku ya kugawa franga, mukumbuke ile maneno mbele ya kutaja bei.