Ruzuku ya chanjo ya mifugo nchini Tanzania

Ruzuku ya chanjo ya mifugo ni fedha ambazo serikali ya Tanzania hutoa ili kupunguza bei ya chanjo. Mfugaji hapewi fedha mkononi. Nafuu huipata siku mifugo yake inapochanjwa.

Kampeni ya kitaifa ya miaka mitano ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Juni 2025 huko Bariadi, mkoani Simiyu, eneo lililokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012. Chanjo ya ng'ombe ilipangwa kuwa shilingi 500, ya mbuzi na kondoo 300, na ya kuku bure.

Wakati ruzuku inapofika una uzito sawa na bei yenyewe. Kinga ya homa ya mapafu ya ng'ombe hudumu takriban mwaka mmoja, hivyo huendana na bajeti ya serikali inayoanza tarehe 1 Julai. Kuku ni tofauti: chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, na vifaranga huanguliwa mwaka mzima. Duru moja kwa mwaka haiwatoshi.

Huko Shinyanga na Geita kiangazi huanza Juni. Maji yakipungua, baadhi ya makundi huhamishwa mbali, na wachanjaji wakichelewa hukuta zizi tupu. Kujinunulia baadaye si rahisi: chupa moja huwa na dozi nyingi, na chanjo ikishachanganywa hutumika siku hiyohiyo.