Kumtunza Mbwa wa Nyumbani: Ngozi, Manyoya na Kucha

Katika nyumba nyingi za kwetu Uganda mbwa hupewa kazi, lakini hapewi matunzo. Usiku hulinda nyumba, mchana hufukuza nyani katika shamba la mahindi, na wengine huandamana na wawindaji. Mkono wa mtu haumgusi ila siku ya kufungwa kamba au siku ya kupigwa. Matokeo yake ni mbwa tunaowaona kila siku njiani: manyoya yamenyonyoka mgongoni, masikioni wamo kupe wakubwa kama mbegu za mbarika, na kucha zimejikunja.

Huenda msomaji akasema, "Kumchana mbwa ni mambo ya matajiri wa mjini. Sisi hata ada za shule zatushinda." Jibu langu ni kwamba kazi hii haitaki fedha nyingi. Yataka karai, maji, kipande cha sabuni, burashi, kibano, kikata kucha, na nusu saa kwa juma. Tena faida yake si ya mbwa peke yake. Watoto wadogo hucheza naye na kukaa barazani pale pale alipolala yeye. Yaliyo juu ya ngozi yake leo, kesho huwa juu ya ngozi yao.

Ngozi ya mbwa ilivyo

Ngozi ya mbwa si kama yetu. Tabaka lake la juu ni jembamba kuliko letu, wala halina uchachu mwingi kama ngozi ya mtu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima. Jasho lake hutoka hasa chini ya nyayo, na joto hulipunguza kwa kuhema huku ulimi uko nje. Penye mashina ya manyoya mna vitezi vidogo vitoavyo mafuta, na mafuta hayo hulainisha ngozi, huzuia maji, na kuyang'arisha manyoya.

Basi mtu amwoshaye mbwa mara kwa mara kwa sabuni kali ya kufulia humwondolea mafuta hayo. Ngozi hukauka na kuwasha, mbwa hujikuna mpaka akatoka damu, na vijidudu hupata mlango wa kuingilia. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mchane mara nyingi, mwoshe mara chache. Burashi huyasambaza mafuta yale kutoka ngozini mpaka ncha za manyoya, nayo huondoa manyoya yaliyokufa na vumbi.

Jambo la pili ni chakula. Manyoya ni protini karibu yote. Mbwa alishwaye posho tupu mwaka mzima hawezi kuwa na manyoya mazuri, hata akichanwa asubuhi na jioni. Achanganyiwe dagaa, maharage yaliyoiva, au mabaki ya nyama iliyopikwa, na maji safi yasikosekane.

Kumzoeza mkono

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa akiguswa kila siku masikio, midomo, miguu na mkia, akikua hataona ajabu. Mbwa mkubwa asiyezoea aanzwe taratibu: siku ya kwanza mguse mgongo tu, umpe kipande cha chakula, umwache. Siku ya pili mguse mguu. Wawe watu wawili, mmoja akishika kichwa na kusema naye kwa upole. Mbwa anayekula, au jike anayenyonyesha, asisumbuliwe.

Hapa lipo onyo kubwa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, akawa mkali bila sababu au mnyonge kupita kawaida yake, anayedondosha mate, ambaye sauti yake imegeuka au hawezi kumeza, asiguswe kabisa. Watu wengine hudhani amekwamwa na mfupa, wakamtia mkono kinywani. Hiyo ni hatari ya kifo, maana kichaa cha mbwa hupitia katika mate, na dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna aponaye. Aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Njia hiyo imejulikana tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipoanza kumtibu mtoto Joseph Meister huko Paris, naye akapona.

Kuchana na kukagua

Mfuate mbwa kwa burashi toka kichwani kwenda mkiani, jinsi manyoya yanavyolala. Mwenye manyoya mafupi, kama wengi wa mbwa wetu, yamtosha burashi ngumu mara moja kwa juma. Mwenye manyoya marefu hana budi kuchanwa mara nyingi zaidi, kwa kitana chenye meno mapana. Palipofungamana pasivutwe, pafunguliwe kidogo kidogo kuanzia nchani.

Mkono mmoja ukichana, wa pili upapase. Tazama nyuma ya masikio na ndani yake, shingoni chini ya ukanda, makwapani, kinenani, chini ya mkia, na katikati ya vidole. Ukanda wa shingo usibane. Vidole viwili vipite chini yake. Watu wengi humfunga mbwa mdogo kamba, wakasahau kwamba shingo inakua, hata kamba ikazama katika nyama.

Ukiona vumbi jeusi katika manyoya, lidondoshe juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji. Likigeuka kuwa jekundu, ujue ni mavi ya viroboto, maana wekundu ule ni damu waliyoinyonya. Kumbuka kwamba viroboto uwaonao juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya jamii yao. Mayai na watoto wao wamo katika vumbi na katika gunia alalalo. Kwa hiyo gunia lifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na mahali pake pafagiliwe kila juma.

Kupe

Kupe wa mbwa mwenye rangi ya kahawia aweza kuishi na kuzaliana pale pale nyumbani. Jike akishiba damu huanguka, hujificha katika ufa wa ukuta, na kutaga mayai kwa maelfu. Ndiyo sababu hawaishi, ingawa watu huwang'oa kila siku. Nyufa za ukuta wa kibanda zikandikwe udongo au saruji.

Kumng'oa kupe, mshike kwa kibano karibu sana na ngozi, umvute polepole moja kwa moja, bila kuzungusha. Usimchome kwa moto wa sigara wala kummwagia mafuta ya taa. Mbwa ataungua, na kupe akiudhiwa aweza kutapika uchafu wake ndani ya jeraha. Wala usimpasue kwa kucha zako. Mtie katika kopo lenye spiriti. Kisha nawa mikono.

Kupe huambukiza mbwa magonjwa ya damu. Fizi zikiwa nyeupe, mwili una joto, mbwa hataki kula, na mkojo umegeuka rangi ya chai kavu, usingoje Jumatatu. Peleka habari kwa daktari wa mifugo wa gombolola.

Funza na nzi wa embe

Funza si mwenyeji wa Afrika tangu zamani. Alitoka Amerika ya Kusini, akaletwa pwani ya Angola kwa meli mwaka 1872, kisha akasafiri na misafara mpaka kwetu. Funza jike huingia katika ngozi ya mguu wa mbwa kama aingiavyo katika kidole cha mtu. Mayai yake huanguka mavumbini, na watoto wapitao bila viatu hupatwa. Basi nyumba inayotibu funza wa watoto na kusahau nyayo za mbwa yachota maji kwa pakacha.

Nzi wa embe hutaga katika udongo au nguo yenye harufu ya mkojo na jasho. Buu wake huingia ngozini, na pale huota kitu kama jipu lenye tundu dogo katikati. Usilikamue kwa nguvu. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya vaselini. Buu akikosa hewa hujitokeza, naye hushikwa kwa kibano akavutwa mzima. Kisha pasafishwe kwa maji ya chumvi. Nzi huyu huwaingilia watu pia, nasi huzipiga pasi nguo zilizoanikwa nje ili mayai yake yafe.

Dawa zinazoua badala ya kuponya

Ukurutu wa mbwa huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, achimbaye njia ndani ya ngozi. Mara nyingi huanza katika ncha za masikio, viwiko na tumbo, na huwasha mno. Aweza kumpa mtu vipele pia.

Dawa ya mitaani ni kumpaka mbwa oili chafu ya gari. Jambo hili lapasa kukomeshwa. Oili huichoma ngozi, na mbwa hujilamba, nayo ikaingia tumboni na sumu zake. Wengine humwogesha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakiipima kwa macho. Baadhi ya dawa hizo hudhuru mishipa ya fahamu: mbwa hutoka mate, hutetemeka, akaanguka na kufa jioni. Mwenye paka ajue pia kwamba dawa ya viroboto yenye permethrini, ambayo mbwa huistahimili, humwua paka. Dawa ipimwe kwa uzito wa mnyama, kwa agizo la daktari. Bei ya dawa sahihi si kubwa kuliko bei ya mbwa mwingine.

Kumwosha

Mara moja kwa mwezi yatosha, ila akijipaka uchafu. Fanya kazi hii saa nne au saa tano asubuhi, siku ya jua, si jioni. Maji yawe vuguvugu. Anza shingoni, kisha mwili na miguu. Kichwa kiwe cha mwisho, nacho kifutwe kwa kitambaa tu, ili maji yasiingie masikioni. Sabuni iwe laini, na ya mbwa ikipatikana ni bora. Suuza mara mbili au tatu, maana sabuni iliyobaki huwasha. Mfute kwa nguo kuukuu. Masikio yafutwe kwa nje tu. Usitie kijiti ndani. Sikio linalonuka au lenye usaha ni kazi ya daktari.

Kucha

Mbwa akimbiaye juu ya mawe na barabara husaga kucha zake mwenyewe. Afungwaye mchana kutwa hazisagi. Ukisikia zikigonga sakafu ya saruji kila apigapo hatua, ni ndefu. Kucha ndefu humlazimu kukanyaga vibaya, na viungo vya miguu huumia.

Ndani ya ukucha mna nyama yenye mshipa wa damu na fahamu. Katika ukucha mweupe huonekana kama mstari mwekundu. Ukate mbele yake, uache kama milimita mbili. Katika ukucha mweusi haionekani, kwa hiyo kata vipande vyembamba sana, ukitazama uso wa ukucha kila mara. Likianza kutokea doa katikati yake, acha. Damu ikitoka, bonyeza unga laini wa mahindi kwa dakika chache, itakoma. Usisahau ukucha wa pembeni usiogusa chini. Huo hausagiki kamwe, nao hujikunja mpaka ukachoma nyama.

Kwa nini tujisumbue

Liko jambo moja lipitalo yote. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa itangazwapo katika kijiji, mbwa wengi hawafiki. Si kwamba wenyewe hawataki, mbwa hashikiki. Hajaguswa tangu kuzaliwa, hivyo akiona kamba hukimbilia porini. Wataalamu wa afya wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Siku ya kuukumbusha ulimwengu habari hii ni tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895. Mbwa aliyezoea burashi kila Jumamosi huenda kwenye chanjo akitikisa mkia, na mtoto wa jirani ameepushwa na kifo asichokijua.

Nanyi wanafunzi wa zamani mlio na mishahara, chupa moja ya dawa sahihi ya kupe mkinunua pamoja na jirani, daktari akawapimia, huwafaa mbwa wa nyumba kadhaa. Sisi tulalao shuleni tutakwenda likizo hivi karibuni. Tusingoje kuambiwa na baba. Twende na kibano mfukoni, tuanze na mbwa wa kwetu, na watoto wa nyumbani watazame. Watakalolizoea kuliona ndilo watakalolifanya sisi tukirudi shuleni.