Michezo Juu ya Barafu: Kwa Nini Haikudumu?

Hapa Kilwa ukisema barafu, mtu wa kwanza kugeuka ni mvuvi. Barafu ni ya pweza wa Songosongo na changu wa Lindi, wasioze kabla gari halijafika Dar es Salaam. Lakini wapo waliotaka kuifanya barafu uwanja wa mashindano ya televisheni. Habari hiyo ina fundisho kwetu.

Mwaka 1998 kituo cha ITV cha Uingereza, ambacho si hii ITV yetu iliyoanza mwaka 1994, kilionyesha kipindi kiitwacho Ice Warriors. Washindani walivaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wakapambana na mashujaa wa kipindi huku wote wakiteleza. Kilikuwa kama ndugu wa Gladiators, kipindi kilichodumu kuanzia mwaka 1992 hadi 2000. Ice Warriors kilipata msimu mmoja tu, kikafa.

Uwanja wa barafu hutengenezwaje? Chini ya sakafu hupitishwa mabomba yenye maji maalumu yaliyopozwa sana. Juu yake humwagwa maji kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, hadi yagande kiasi cha sentimita 3 hivi. Mitambo hiyo haipumzishwi. Umeme ukikatika muda mrefu, uwanja hugeuka dimbwi. Hivyo kila dakika ya mchezo ina gharama yake.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, gharama si jambo kubwa kuliko yote. Mtazamaji hufurahia mchezo ambao mwili wake unaujua. Katika Gladiators watu walikimbia, walipanda, walivutana. Nani hajawahi kuvutana na mwenziwe? Kuteleza kwa chuma ni ufundi wa wachache. Asiyeujua hatambui lipi gumu na lipi rahisi, huona watu wakianguka tu. Kicheko cha kuanguka hakifiki wiki ya tano.

Msidhani Mwafrika hawezi barafu au theluji. Mwaka huo huo wa 1998, Philip Boit wa Kenya alishindana kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Katika kilomita 10 alishika nafasi ya 92, ya mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni akamkumbatia. Dunia inakumbuka kumbatio lile kuliko vipindi vingi vilivyogharimiwa sana. Nairobi nako, hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005. Ni mdogo kuliko kiwanja kamili cha mita 60 kwa 30, lakini vijana waliucheza kwa moyo hadi wakaunda timu ya magongo ya barafuni, Ice Lions. Hawakutengenezewa mashujaa, walijifunza wenyewe, watu wakawapenda.

Tofauti ni hiyo. Mchezo wenye wenyewe hudumu. Mchezo uliobuniwa ili kamera ipate cha kupiga hufa kamera ikizimwa. Vituo vyetu vinapotafuta vipindi, mara nyingi macho hukimbilia ng'ambo. Mashindano ya ngalawa yapo pwani hii. Hayahitaji mtambo wa kupoza wala kodi ya ukumbi: upepo wa kusi ni wa Mungu, na kila mtoto wa Kilwa Kisiwani anajua nahodha yupi amekosea kugeuza tanga. Hapo mtazamaji na mchezaji wanaelewana bila mfasiri.

Na barafu? Gesi ya Songosongo imekuwa ikizalisha umeme wa Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Ni haki mvuvi wa Kilwa, anayeishi jirani na visima hivyo, apate barafu ya kutosha kwa bei anayoiweza. Mashindano yake ni kati ya samaki na jua, nayo hurudiwa kila asubuhi, msimu hadi msimu.